Zawadi Ambayo Mwenyewe Hakuitoa

Sehemu ya Sita

Tulimwacha Mama amesimama nyuma ya ukumbi wa kanisa, mkono kwenye nguzo, na kwaya ya tatu ya wageni ikiwa jukwaani na wimbo wake mdomoni. Wimbo ni ule wa "Mlango Haukufungwa". Walifika ubeti wa pili. Teno wao wakavuta pumzi, na palipotungwa "so", wakaimba "la".

Kama kwaya ya kwanza. Kama kwaya ya pili.

Kwa msomaji ambaye gazeti lake la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hajalimaliza, nitaeleza upesi. Mama yangu ni mwalimu wa kwaya na ametunga kitabu cha nyimbo. Kabla hakijachapishwa, watu watano walipewa nakala waipitie. Mimi ndiye niliyeandika nota kwenye kompyuta, na kwa kuwa nimesoma bweni, na simwamini mtu yeyote aliyeokoka akiachwa peke yake na kopo la sukari, kila nakala niliitilia nota moja ya uongo, kila mtu na yake. Kitabu chenyewe kilitoka sahihi. Kikakaa dukani kikikusanya vumbi, kwa sababu kila mwanakwaya mwenye simu alikuwa nacho tayari, bure, na hakuna aliyejua nani alianza kukisambaza.

Sasa ukumbi ulikuwa unaimba "la". Na nakala yenye "la" ilikuwa ya mtu mmoja tu.

"Ya nani?" Mama aliniuliza bila kunitazama.

"Tusubiri matokeo kwanza, Mama."

"Nimekuuliza."

"Ya Mama Mkubwa."

Mama Mkubwa ni dada yake wa tumbo moja. Ndiye aliyemlea walipobaki wawili duniani. Ndiye aliyemnunulia kinanda cha kwanza. Tangu Baba afariki, mimi na Mama tunaishi nyumbani kwake. Isitoshe, ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, na kundi lake la maombi kwenye simu lina watu wengi kuliko ibada ya Jumapili.

Mama aliondoa mkono kwenye nguzo. Nilidhani anakwenda kumtafuta. Lakini jaji alikuwa ameshapanda jukwaani.

Jaji wa tamasha ni mtu mfupi mwenye tai kubwa, mwalimu mstaafu wa muziki, na huongea polepole ili watu wapate nafasi ya kumheshimu.

"Kwaya tatu za wageni," alisema, "zimeupa wimbo huu haki yake. Hasa teno, ubeti wa pili. Ile 'la', wapendwa. Ile 'la' ndiyo iliyobeba upako."

Ukumbi ukasema amina.

"Kwaya mwenyeji, nasema kwa masikitiko, teno wamepotea pale pale. Wameimba 'so'. Nawashauri wajifunze kwa wenzao."

Kwaya mwenyeji ni kwaya ya Mama.

Kiongozi wa teno wetu ni fundi wa kuchomelea vyuma ambaye sauti yake imempa jina la Honi. Akasimama. "Mheshimiwa jaji, wimbo ni wa mwalimu wetu. Yupo pale kwenye nguzo. Muulize."

"Sikatai kwamba ametunga," jaji akajibu kwa upole. Akainua simu yake juu, ukumbi mzima ukaiona. "Lakini nota ninazo hapa."

Watu wakacheka. Honi akakaa, akanigeukia.

"Kwa hiyo mimi nimeimba vibaya wimbo niliofundishwa na aliyeutunga?"

"Ndiyo, kaka. Tubu."

Tukapewa mapumziko kabla ya matokeo. Mama hakufika mbali. Kwenye mlango wa pembeni alikuwa amesimama mchapishaji wake, mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kifuani, ambaye siku zote huongea kama mtu aliyeacha teksi inamsubiri.

"Mwalimu, nimesikia. Kwaya tatu, na hakuna hata moja iliyonunua kitabu."

"Najua."

"Cha pili nakitaka. Nimekwambia na narudia."

Kitabu cha pili ni nyimbo za kuzikia. Mama alianza kuziandika juma lile tulipomzika Baba, naye hajawahi kumwonyesha mtu. Mchapishaji mwenyewe amesomewa beti mbili tu kwenye simu, akakata kwa sababu alikuwa analia ofisini. Hicho kikitoka, Mama atakodi nyumba. Hicho kisipotoka, Mama atabaki kuwa mtu anayetunga kwenye meza ya jikoni ya dada yake, baada ya vyombo kuoshwa.

"Lakini siwezi kuchapa kitu ambacho kesho yake kitakuwa kwenye simu ya kila mtu," mchapishaji aliendelea. "Wenzangu ofisini wanasema kanisa lako lenyewe ndilo linalosambaza, na Mchungaji anajua. Basi asimame leo, kwaya zote zipo, aseme nakala ile haikuruhusiwa na watu waifute. Nikisikia hivyo tunatia saini kesho asubuhi. Nisiposikia, mwalimu, sina la kuwaambia."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Haikuruhusiwa."

Nilimfuata Mama mpaka jiko la kanisa. Mama Mkubwa alikuwa peke yake, anapanga vikombe vya chai ya wageni, mishikio yote ikitazama upande mmoja.

"Dada."

"Karibu, mdogo wangu. Umesikia wimbo wako ulivyoenea? Nimelia mpaka kitambaa kimelowa."

"Ulitoka kwako."

"Umetoka kwa Bwana."

"Kwa Bwana ulikuja kwangu. Kutoka kwangu kwenda kwa watu, ulipitia kwako. Ile nakala niliyokupa uisome."

Mama Mkubwa akanitazama mimi. "Huyu shetani wa bwenini amekwambia nini?"

"Shikamoo, Mama Mkubwa," nikasema, kwa ajili ya amani.

"Marahaba. Nyamaza."

Akaweka kikombe chini. Nilitegemea akane. Mimi mwenyewe ningekana, tena kwa kiapo. Yeye alinyoosha mgongo.

"Nilituma. Sifichi. Unamkumbuka alto wetu aliyelazwa? Hakuweza hata kujigeuza kitandani. Aliniomba wimbo. Ningemwambia asubiri, kitabu kinakuja dukani? Nikamtumia. Akawa anausoma amelala, anaimba kwa midomo tu, sauti haitoki. Alikufa na simu mkononi. Haya, niambie pale niliiba nini."

"Yule ningempa mwenyewe. Ningempelekea mpaka kinanda wodini."

"Basi."

"Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

Ujumbe uliokuja na nyimbo zile ninao kwenye simu, kama kila mtu. Niliusoma kwa sauti ya ibada. "'Nyimbo mpya za upako, bure kabisa. Tuma kwenye makundi kumi, utauona mkono wa Bwana kabla jua halijazama. Asiyetuma, anajua mwenyewe roho yake ilipo.'"

"Niliandika hivyo kuwahimiza watu," alisema Mama Mkubwa.

"Kwenye faili unalosambaza," Mama akasema, "ukurasa wa kwanza haupo. Ule wenye jina langu."

Mama Mkubwa akageuza mshikio wa kikombe kimoja, akaugeuza tena ukarudi ulipokuwa.

"Uliutoa wewe?"

"Ulikuwa na maneno ya kimahakama. 'Hairuhusiwi kunakili.' Niliona aibu kwa niaba yako. Watu wangesema mdogo wangu anamfungia Mungu kwa kufuli."

"Kwa hiyo uliyasoma."

"Niliyasoma."

"Ulijua hairuhusiwi, ukayatoa, ndipo ukatuma."

"Mimi nimekulea," Mama Mkubwa alisema, na sasa sauti yake ilikuwa chini. "Kile kinanda cha kwanza, nilikuandikia kwamba hairuhusiwi kukibonyeza? Wimbo unatoka kwenye mikono niliyoilisha, halafu nikiwapa wenye shida, mimi ndiye mwizi?"

"Sijasema mwizi."

"Unalo mdomoni. Nakujua."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mchungaji. Mchungaji wetu ana tabasamu la kudumu. Nadhani hulala nalo.

"Nimewasikia mpaka madhabahuni, wapendwa. Mwalimu, mchapishaji wako amenieleza ombi lake."

"Basi nakuomba na mimi, Mchungaji. Sema haikuruhusiwa, waifute. Sihitaji mtu aadhibiwe. Dada yangu usimtaje."

"Nikisema hivyo, nimewaambia watu wote ukumbini kwamba wameiba. Siku ya tamasha, mbele ya wageni. Na swali la pili watauliza nani alianza. Unataka wamtazame nani?" Akampa Mama Mkubwa tabasamu, naye akainamia vikombe. "Kuna njia ya upendo. Wewe mwenyewe simama, useme nyimbo zile ulizitoa kama zawadi kwa watu wa Mungu. Ukisema hivyo, kosa halipo. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeibiwa. Tunafunga kwa sala."

"Lakini sikuzitoa."

"Ukizitoa sasa, neema inarudi nyuma na kufunika."

Sikuweza kujizuia. "Mchungaji, neema hiyo inafika mpaka kwenye mahubiri yako?"

"Mahubiri gani, binti?"

"Yale yanayouzwa pale mlangoni kwenye flashi. Juu ya kasha pameandikwa kwamba kunakili ni dhambi."

"Ile ni huduma. Ina gharama. Umeme, vifaa, mpiga picha."

"Na Mama huandika gizani?"

"Mtoto anyamaze," wakasema Mchungaji na Mama Mkubwa kwa pamoja, sauti mbili, mizani safi. Jaji angewapa alama nzuri.

Mama alikuwa anatazama vikombe. Kisha akasema, "Nitasimama."

"Bwana akubariki," alisema Mchungaji.

Mama Mkubwa akamshika mdogo wake shavuni, kama mtoto aliyekubali kunywa dawa.

Kwenye korido nilimkimbilia. "Mama, unakwenda kusema nini?"

"Sijui. Nipe simu yangu."

Nilimpa. Ndugu msomaji, nilimpa kwa mkono wangu.

Mchungaji alimtangulia kwenye maikrofoni. "Kabla ya matokeo, mwalimu wetu ana zawadi ya kututangazia." Makofi. Mchapishaji, benchi la mbele, akavaa miwani.

Mama si mtu wa kuhutubia. Akiwa mbele ya watu huwapa mgongo, awaongoze waimbaji. Sasa alisimama uso kwa uso nao, mikono haijui iende wapi.

"Nimeombwa niseme kwamba nyimbo zangu nilizitoa kama zawadi," alisema. "Sikuzitoa. Nakala ilichukuliwa kabla kitabu hakijatoka. Ukurasa wenye jina langu ukatolewa. Ikasambazwa na watu wanaozijua amri kumi kwa kichwa. Mimi hapo nasema nimeibiwa. Aliyeanza simtaji."

Hakuwa na haja. Vichwa vilishageuka kuelekea mlango wa jikoni, ambako Mama Mkubwa alikuwa amesimama na taulo begani.

Mchungaji akainuka. "Mwalimu, kwa upendo..."

"Kwenye upendo nakuja, Mchungaji. Kaa."

Akakaa. Mchapishaji alikuwa ameshachomoa kalamu. Kanisa lilikuwa halijasema lolote, lakini alichotaka kisikike kilikuwa kimesikika, tena na mwenye mali. Niliiona nyumba yetu ya kukodi. Niliona mpaka mapazia.

Ndipo sauti ikatoka benchi la jaji. "Injili ni bure."

"Amina," wakajibu wachache. Kisha wengi. Mwanamke mmoja wa katikati akasema, kwa sauti ya kusikika, "Atuuzie na hewa tuvute," na ukumbi ukaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu walioshikwa wakiwa wengi, wakahesabiana, wakaona hakuna wa kuwafanya kitu.

Mama alitazama kwaya yake. Alto wake wawili walikuwa wanacheka. Mmoja alijifunika mdomo, lakini mabega yalikuwa yanaruka.

Akatoa simu.

"Naona zawadi hamjawahi kuiona," alisema. "Basi niwaonyeshe inavyotolewa. Ninacho kitabu cha pili. Ni nyimbo za kuzikia, nimeziandika tangu nimzike mume wangu. Hakuna aliyewahi kuzishika. Ninazituma kwenye kundi la maombi sasa hivi, kwa mkono wangu, na jina langu likiwa juu."

"Mama, usitume," nikasema. Nilikuwa mbali mno, na watu walikuwa wamejaa njiani.

"Hiki nimewapa," alisema Mama. "Kile mliniibia. Mtaviimba vyote viwili, najua. Mkiviimba, mjue tofauti."

Akabonyeza.

Simu zikaanza kulia, benchi moja baada ya jingine, mpaka mfukoni mwa Mchungaji. Mchapishaji akarudisha kalamu mkobani taratibu sana. Alimfuata Mama chini ya jukwaa.

"Ungesubiri," alimwambia. "Tayari ulikuwa umeupata mkataba, mwalimu. Ungesubiri kidogo tu."

"Walicheka," Mama akajibu.

Mchapishaji akatikisa kichwa, akatoka.

Nilitegemea kimya. Nilitegemea mtu mmoja, hata mmoja, afiche uso. Vichwa viliinama, ni kweli, vyote, kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona katika kanisa lile. Walikuwa wanapakua. Mtu akaomba jirani amgawie intaneti. Jaji alikuwa ameshafungua ukurasa wa tatu, kidole kikitafuta mstari wa teno. Mama alipita katikati yao, kutoka mbele mpaka mlango mkubwa, na hakuna aliyemwona akitoka.

Honi tu ndiye ambaye simu yake ilikuwa imezimwa. "Mimi sipakui," aliniambia. "Nitangoja atufundishe."

"Unadhani atarudi kufundisha, kaka?"

Akairudisha simu mfukoni.

Nilimkuta Mama langoni. Mama Mkubwa alikuwa amepitia mlango wa jikoni akamtangulia, kikombe mkono mmoja, simu mkono mwingine, anahema.

"Umeniita mwizi mbele ya kanisa."

"Sikukutaja."

"Waligeuka wote. Wote. Watoto wadogo waligeuka." Machozi yalikuwa yanamtoka, na yalikuwa ya kweli, hilo namkubalia. "Rudi ndani. Sema hasira zilikupitia. Kitabu umeshakitoa, huna tena unachokilinda. Hilo neno linakusaidia nini?"

"Ndilo pekee lililobaki langu."

"Hata mimi unanitupa kwa ajili yake?"

"Dada, nilichosema ni uongo?"

Mama Mkubwa akajifuta uso kwa bega. "Basi ukilibakisha," alisema, "leo usilale kwangu."

Mama akafungua mkoba. Nilidhani anatafuta leso. Alitoa funguo za nyumba, akaziweka ndani ya kikombe alichoshika dada yake. Zililia kidogo, kisha zikatulia.

Wakati huo ukumbini mtu alitoa sauti, na wakaanza. Ulikuwa wimbo wa kwanza wa kitabu cha pili, ule alioutunga juma la msiba, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeusikia kupitia ukuta tu. Kwaya zote nne, wakiusoma kwenye simu. Mama alisimama akiwa amewapa mgongo. Hakuna aliyewahi kumwimbia Baba wimbo ule mpaka dakika ile, na walioanza walikuwa wao.

Waliimba vizuri. Hilo ndilo nimeshindwa kuwasamehe.

Mama Mkubwa akatazama simu yake, akatazama mgongo wa mdogo wake. Midomo ikaanza kutikisika. Kisha, funguo zikiwa kikombeni, na yeye akaimba, sauti ya pili, kila nota mahali pake.

"Twende," Mama akaniambia.

"Wapi?"

Tulivuka lango, tukaanza kutembea kandokando ya ukuta wa kanisa, na wimbo ukitufuata juu yake. Hatukufika kwenye kona. Teksi ikasimama mbele yetu, mlango wa nyuma ukafunguliwa kutoka ndani. Alikuwa mchapishaji, miwani imekaa puani, uso hauna rangi.

"Pandeni," alisema. "Mkataba umekufa, sitakudanganya. Lakini kuna jambo nilikuficha, na mle ndani nisingeweza kulisema."

"Jambo gani?"

Alitazama kwanza nyuma yetu, kuelekea lango.

"Kile kitabu chako cha kwanza, mwalimu. Ulipokileta ofisini kwangu, ulikuwa mtu wa pili kukileta."